Kiwiko Kinapouma kwa Kazi: Namna ya Kukitunza Mpaka Kipone

Mtu anayebeba mfuko wa saruji begani bila taabu anaweza kushindwa kumimina chai kutoka kwenye chupa. Anainua chupa, na papo hapo upande wa nje wa kiwiko unachoma, vidole vinalegea, chupa inarudi mezani. Kesho yake maumivu yanamkuta akikamua nguo, akigeuza ufunguo mlangoni au akimpa mtu mkono. Hakuanguka, hakugongwa, na ukimtazama huoni uvimbe. Ikiwa hali hii unaijua, yamkini una tatizo ambalo madaktari huliita kiwiko cha tenisi.

Jina hilo lisikupoteze. Lilianza Uingereza miaka ya 1880, wakati mchezo wa tenisi ulipokuwa umeshika kasi huko na wachezaji wakaanza kuwaeleza madaktari wao maumivu hayo. Wengi wanaoumwa leo hawajawahi kushika raketi. Ni maseremala, mafundi rangi, wauza nyama, wapishi, wafuaji nguo, mafundi magari, wakulima, na siku hizi watu wanaoshinda wameshika kipanya cha kompyuta. Katika kila watu wazima 100, mmoja hadi watatu hupatwa nalo kwa mwaka. Huwapata zaidi walio kati ya miaka 35 na 55, wanaume kwa wanawake, na mara nyingi ni kwenye mkono ule wa kufanyia kazi.

Ni kitu gani hasa kinachouma? Laza mkono wako mezani, kiganja kikitazama chini, kisha inua kiganja juu bila kuinua mkono. Kwa mkono wa pili shika nyama iliyo chini kidogo ya kiwiko, upande wa juu. Utahisi msuli ukikaza. Misuli hiyo huishia kwenye kijifupa kilichojitokeza upande wa nje wa kiwiko, na kinachoishikisha hapo ni kano, yaani ule utepe mgumu mweupe unaouona pia kwenye nyama ya mguu wa ng'ombe. Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba misuli hiyo hukaza kila unapofumba ngumi au kushika kitu, ili kifundo cha mkono kisijikunje. Kwa hiyo kushika nyundo peke yake, hata kabla hujapiga msumari, tayari kunaivuta kano ile.

Kano haipati damu nyingi kama msuli, hivyo hujikarabati polepole. Kazi ikizidi kasi ya ukarabati, nyuzi zake huanza kuchakaa mmoja mmoja, kama kamba ya kisimani inayosuguliwa ukingoni kila siku. Ndiyo maana maumivu huja baada ya wiki za kazi ngumu ya aina moja, au baada ya mtu kuanza ghafla kazi ambayo mkono haukuizoea: kupaka rangi nyumba nzima kwa siku mbili, kulima shamba baada ya miezi ya kukaa, kukanda unga wa chapati za harusi. Uvutaji sigara na ugonjwa wa kisukari hupunguza uwezo wa kano kupona, na kadiri umri unavyosogea ndivyo ukarabati unavyochelewa.

Kwa miaka mingi madaktari waliamini kwamba hapo pana uvimbe wa ndani unaohitaji kupoozwa kwa dawa. Mwaka 1979 wapasuaji wa Marekani waliochunguza kano walizozifanyia upasuaji walieleza walichokiona: nyuzi zilizovurugika na ambazo hazikupona vizuri. Huo uvimbe uliotarajiwa haukuonekana kuwa ndio kiini cha tatizo. Ukilielewa hilo, utaelewa kila ushauri unaofuata. Dawa za maumivu zinakupa nafuu, lakini hazirudishi nyuzi mahali pake. Mkono ukiufunga usifanye lolote kwa miezi, kano inazidi kudhoofika. Kinachoijenga upya ni kupewa mzigo mdogo wa kipimo, unaoongezwa kidogo kidogo, kwa wiki nyingi. Hakuna njia ya mkato inayodumu, nami nakusihi usimlipe mtu anayekuahidi hiyo.

Utajuaje kama ndilo tatizo lako? Jaribu mambo matatu. Kwanza, bonyeza kwa kidole kile kijifupa cha nje ya kiwiko na sehemu iliyo chini yake kidogo. Pili, nyoosha mkono mbele, kiganja kikitazama chini, mwambie mtu akandamize mgongo wa kiganja chako huku wewe ukimpinga kwa kukiinua juu. Tatu, simama nyuma ya kiti, nyoosha kiwiko, shika egemeo kwa kiganja kinachotazama chini, ukiinue. Maumivu yakitokea mahali palepale katika majaribio haya, karibu hakika ni kiwiko cha tenisi. Huhitaji eksirei kwa kawaida. Kano haionekani vizuri katika picha hiyo, kwa hiyo usikimbilie kuilipia kama hukuanguka wala kugongwa.

Kuna maumivu ya mkono ambayo si haya, na baadhi hayangoji. Kiwiko kikiwa chekundu, cha moto, kimevimba, nawe una homa, nenda hospitali siku hiyohiyo, maana huenda ni maambukizi ndani ya kiungo. Nenda pia kama uliangukia mkono na sasa haukunjuki. Ganzi vidoleni, udhaifu wa mkono au maumivu yanayoshuka kutoka shingoni huashiria neva, yaani mishipa ya fahamu, imebanwa. Mkono wa kushoto ukiuma pamoja na kifua kubana na jasho kukutoka, hiyo ni dharura ya moyo. Na maumivu yakiwa upande wa ndani wa kiwiko, ule unaogusa mbavu, ni ndugu wa tatizo hili lakini mazoezi yake ni tofauti, hivyo onana na mtaalamu kwanza.

Tuseme umejiridhisha kwamba ndicho. Wiki mbili za kwanza kazi yako ni kupunguza, si kuacha. Badilisha namna ya kuinua vitu: kiganja kitazame juu, kiwiko kiwe kimekunjwa na karibu na mwili. Sufuria ishike kwa mikono miwili kutoka chini. Ndoo ya maji ya lita 20 ina uzito wa kilo 20 za maji pekee, kwa hiyo beba nusu ndoo kila mkono, au nenda safari mbili. Nguo usizikamue kwa kuzisokota kwa nguvu, zizungushe kwenye bomba au nguzo uzisokote kwa mkono mmoja usiouma, au zining'inize zikichuruzika maji. Kazi ile moja unayojua ndiyo iliyoleta maumivu, ipunguze hadi nusu kama riziki inaruhusu, na ivunje vipande vya dakika 20 au 30.

Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 10 hadi 15, husaidia jioni baada ya kazi. Usiweke barafu tupu juu ya ngozi. Anayeona nafuu kwa kukandwa na maji ya moto, na akandwe. Kuchua taratibu msuli wa chini ya kiwiko hakuna ubaya, ila mchuaji asiukandamize ule mfupa wenyewe mpaka utoe machozi, na usikubali kuchanjwa chale wala kuchomwa pale.

Upande wa dawa, anza na ya kupaka. Jeli ya diklofenaki hupatikana katika maduka mengi ya dawa, inapakwa mahali panapouma, na kiasi kidogo sana ndicho kinachoingia mwilini. Ukitaka ya kumeza, parasetamoli ndiyo salama zaidi kwa wengi, mradi mtu mzima asizidishe vidonge vinane vya miligramu 500 ndani ya saa 24, na akumbuke kwamba dawa nyingi za mafua nazo zina parasetamoli ndani. Vidonge vya diklofenaki na ibuprofeni ninaviogopa, kwa sababu watu hununua dukani na kuvimeza wiki baada ya wiki kama pipi. Vinaweza kutoboa tumbo, kuharibu figo na kupandisha shinikizo la damu. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, presha, pumu au mimba asivimeze bila kuongea na mhudumu wa afya.

Upo pia mkanda wa kiwiko, kitambaa kipana chenye kishikizo unachofunga vidole viwili au vitatu chini ya kiwiko wakati wa kazi, ukavua ukimaliza. Hupunguza mvuto kwenye kano. Kwa baadhi ya watu unasaidia sana, kwa wengine hauleti tofauti, hivyo kama unaweza, jaribu wa mtu mwingine kabla ya kununua. Usijifunge mpira wa ndani wa baiskeli badala yake, kwa sababu unakaza hadi damu isipite. Vidole vikifa ganzi au vikivimba, mkanda wowote umekaza mno.

Sasa mazoezi, ambayo ndiyo tiba yenyewe. Vifaa ni meza, taulo, nyundo na chupa ya maji ya nusu lita. Gharama yake ni chupa hiyo tu, nayo unaweza kuiokota jikoni kwako.

Hatua ya kwanza ni ya kukaza bila kusogea, na inafaa hata wakati maumivu ni makali. Laza mkono mezani, kiganja kikitazama chini na kikining'inia ukingoni. Weka kiganja cha mkono wa pili juu ya mgongo wa kile kinachouma. Sukuma juu kwa mkono unaouma na uzuie kwa mkono wa pili, pasiwe na kitu kinachosogea. Shikilia sekunde 30 hadi 45, pumzika dakika moja, rudia mara tano. Fanya hivyo kila siku, asubuhi au jioni. Wengi huona maumivu yakitulia kidogo baada ya zoezi lenyewe.

Ukimaliza wiki moja au mbili na zoezi hilo halikusumbui tena, ingia hatua ya pili. Mkono ubaki mezani vilevile, chupa ya nusu lita iliyojaa maji iwe kiganjani. Tumia mkono usiouma kuinua kile kiganja chenye chupa mpaka juu. Ondoa mkono huo, kisha shusha kiganja polepole ukihesabu moja hadi nne. Huku kushuka polepole ndiko kunakoijenga kano, kwa hiyo usikiache kiganja kianguke. Fanya mara 10, pumzika, urudie mpaka zitimie seti tatu. Ukizoea, ongeza hadi mara 15 kwa seti, halafu anza kuinua chupa kwa mkono uleule unaouma bila msaada. Baadaye tumia chupa ya lita moja, ambayo ni kilo moja kamili.

Je, maumivu wakati wa mazoezi ni hatari? Maumivu kidogo yanaruhusiwa. Yape alama kutoka sifuri hadi 10. Yakiwa tatu au nne, na kesho asubuhi yakawa yamerudi kiwango cha jana, uko sawa. Yakipita hapo, au ukaamka kiwiko kikiuma kuliko jana, punguza maji chupani au punguza idadi, lakini usiache. Ninalisisitiza hili kwa sababu watu wengi hukata tamaa wiki ya pili, wakidhani mazoezi yamewaumiza, na hapo ndipo safari nzima inapovunjika.

Ongeza mawili mengine wakati huohuo. Viringisha taulo iwe nene, shika ncha zake kwa mikono miwili, isokote kana kwamba unakamua maji, halafu acha mkono unaouma ulegeze msokoto huo taratibu. Kisha kaa umekunja kiwiko, shika nyundo karibu na kichwa chake, geuza kiganja kitazame juu, halafu chini, polepole. Kadiri unavyoshika mbali na kichwa cha nyundo ndivyo zoezi linavyokuwa gumu. Mara 10 kwa kila moja zinatosha. Ukitaka kunyoosha, nyoosha mkono mbele, kiganja chini, kivute kwa mkono wa pili kuelekea kwako kwa sekunde 30, mara tatu, bila kushurutisha.

Itachukua muda gani? Nafuu ya kuonekana huja kati ya wiki sita na 12. Kupona kabisa kunaweza kuchukua mwaka, na kwa watu wanane au tisa kati ya 10 kiwiko hupona ndani ya mwaka huo bila kupasuliwa. Muda ni mrefu, najua, hasa kwa mtu anayekula kwa mikono yake. Lakini nguvu zinarudi kabla maumivu hayajaisha yote, na kazi nyingi utakuwa umezirudia kabla ya mwaka.

Ukiwa umejitahidi wiki sita na huoni mabadiliko, au hujui kama mazoezi unayafanya sawasawa, tafuta mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi. Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Hapo watakuchunguza na kukuandikia barua ya rufaa kwenda hospitali ya wilaya au ya mkoa yenye idara hiyo. Kwa Tanzania, hospitali kubwa kama Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) na CCBRT za Dar es Salaam, KCMC ya Moshi, Bugando ya Mwanza na Mnazi Mmoja ya Zanzibar zina wataalamu hawa, lakini tatizo hili halihitaji uanzie huko. Ukienda bila rufaa utapanga foleni ndefu na huenda bima isikulipie.

Kenya, tangu Oktoba 2024 mamlaka ya bima ya afya ya SHA imechukua nafasi ya mfuko wa zamani wa NHIF. Kujiandikisha ni bure, na huduma za zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3, hulipiwa na mfuko wa huduma za msingi. Ukipelekwa hospitali ya juu zaidi lazima mchango wako uwe hai: asilimia 2.75 ya mapato, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi.

Popote ulipo, kabla ya kulipa uliza mambo haya: kumwona mtaalamu mara ya kwanza ni kiasi gani, kila kipindi kinachofuata ni kiasi gani, je, bima yangu inakubaliwa hapa, na je, nitapewa mpango wa mazoezi ya kufanya nyumbani. Jibu la swali la mwisho ndilo la maana kuliko yote. Mara mbili au tatu zilizotenganishwa kwa wiki kadhaa zinaweza kutosha: akupime, akusahihishe, akuongezee uzito. Ukiona unaitwa kila siku ulazwe chini ya mashine ya umeme na hakuna anayekufundisha zoezi hata moja, fedha yako inapotea.

Kuhusu sindano, utasikia habari za steroidi inayochomwa kwenye kiwiko, na ni kweli inatuliza maumivu haraka ajabu. Tatizo ni linalofuata. Utafiti uliofanyika Brisbane, Australia, kwa wagonjwa 165 na kuchapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba kati ya waliochomwa steroidi, zaidi ya nusu maumivu yaliwarudia ndani ya mwaka. Kwa waliochomwa sindano isiyo na dawa yaliwarudia karibu mmoja kati ya wanane tu. Sindano hiyo pia inaweza kuacha doa jeupe kwenye ngozi, jambo linaloonekana sana kwetu weusi, na hupandisha sukari kwa mwenye kisukari. Akikushauri mtu uchomwe, muulize kwa nini, na mweleze mazoezi uliyofanya. Upasuaji upo, lakini ni kwa wachache ambao miezi sita hadi 12 ya mazoezi ya kweli haikuwasaidia.

Kinga inatofautiana kwa kila kazi. Seremala na fundi ujenzi wanoe misumeno na patasi mapema, kwa sababu kifaa butu hudai mshiko wa nguvu zaidi. Mpini mwembamba uviringishie kipande cha mpira wa tairi la ndani au kitambaa mpaka uenee kiganjani, ili usilazimike kuukamata kwa nguvu. Fundi magari atumie spana yenye mpini mrefu kwa nati iliyogoma. Fundi rangi apokezane mikono, na ukuta mrefu aufanye kwa rola ya mpini mrefu badala ya brashi. Anayekuna nazi kwenye mbuzi kwa ajili ya biashara agawe kazi asubuhi na jioni. Mwenye kompyuta asogeze kipanya karibu na mwili, mkono wote ukiwa umelala mezani. Na wewe unayecheza tenisi, mwombe mwalimu akutazame unavyopiga mpira wa upande wa nyuma ya mkono: kifundo kisilegee, mpira uupige mbele yako, na nyuzi za raketi zilegezwe kidogo.

Kama umeajiriwa na kazi ndiyo iliyokuletea maumivu, jua kwamba Shirika la Kazi Duniani liliorodhesha tatizo hili, linapotokana na kazi ya kurudiarudia kwa nguvu, katika orodha yake ya magonjwa ya kazini ya mwaka 2010. Tanzania Bara, mwajiri ndiye anayechangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), na hatakiwi kukukata mchango huo kwenye mshahara. Kenya ipo Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007. Mwarifu mwajiri kwa maandishi mapema, ubaki na nakala, na daktari aandike kwenye cheti chako kazi unayofanya.

Ukishapona, endelea na chupa ya maji mara mbili kwa wiki kwa miezi mitatu hivi. Msimu wa kazi nyingi ukija na kiwiko kikaanza tena kunong'ona, rudi hatua ya kwanza siku hiyohiyo, punguza mzigo kwa wiki moja, kisha panda tena taratibu kama ulivyofanya mwanzo.